Kasi ya kuvuta glaida

Ndugu yangu, unasema ndege yako hupanda vizuri ikienda polepole, basi uvute glaida, ndege isiyo na injini, kwa kasi hiyohiyo? La, usipimie ndege yako tu. Glaida ikiwa kambani huishiwa nguvu za mbawa kwenye kasi kubwa kuliko ikiwa huru, maana hupita kwenye hewa inayosukumwa chini na mbawa zako. Soma kitabu cha glaida hiyo, usivuke kikomo chake cha kasi ya kuvutwa. Glaida nyingi za mafunzo huvutwa kilomita 110 hivi kwa saa. Yenye maji ya kuongeza uzito mbawani hutaka zaidi. Joto letu hapa Mombasa halibadilishi namba ya kipimakasi, ila hula njia ya kurukia, tena sana! Glaida ikianza kuyumba na kuzama nyuma yako, shusha pua ya ndege yako taratibu, kasi ipande. Mara za kwanza ruka na mkufunzi wa kuvuta.