Troli zimegongana zikanasana: kwa nini 0.3 na si 0.42?

Mleta mada, swali lako ni hili: troli A ya kilo 1 inakwenda mita 0.6 kwa sekunde, inaigonga troli B ya kilo 1 iliyotulia, sindano ya A inaingia kwenye kizibo cha B, zinaondoka pamoja. Ukitumia momenta (tungamo mara kasi) unapata kasi ya 0.3. Ukitumia nishati mwendo (½mv², yaani nusu ya tungamo mara mraba wa kasi) unapata 0.42. Mwalimu anakubali 0.3 tu, nawe unauliza inakuwaje wakati kitabu kinasema nishati haipotei. Mwishoni unauliza pia ile nusu na ule mraba kwenye ½mv² vinatoka wapi.

Jibu ni 0.3. Kitabu nacho kiko sahihi, ila hakijasema unachodhani kimesema. Kinachohifadhiwa ni jumla ya nishati zote. Nishati mwendo ni fungu moja tu la jumla hiyo, na hakuna kanuni inayolizuia lisipungue. Kabla ya kugongana ulikuwa na jouli 0.18. Baada ya hapo, kilo 2 zikienda kwa 0.3 zina jouli 0.09. Nusu nzima imehama.

Wengi huambiwa "imegeuka joto na sauti" na somo linaishia hapo. Si uongo, lakini halikuelezi kwa nini momenta haikupungua hata kidogo katika tukio hilohilo.

Sindano inapozama, A inaisukuma B mbele na B inaisukuma A nyuma kwa kani ileile. Tuseme kani hiyo ni nyutoni 30 na haibadiliki. Badiliko la momenta ni kani mara muda, na muda wa mgongano ni mmoja kwa troli zote mbili. A inashuka kutoka 0.6 hadi 0.3, na hilo linachukua sekunde 0.01. Katika sekunde 0.01 hiyohiyo B inapanda kutoka 0 hadi 0.3. Kilichotoka huku kimeingia kule chote.

Nishati ni kani mara umbali, na umbali si mmoja. Kasi ya wastani ya A katika muda huo ni 0.45, kwa hiyo inasogea milimita 4.5. Ya B ni 0.15, inasogea milimita 1.5. Basi A imetoa 30 × 0.0045 = jouli 0.135, na B imepokea 30 × 0.0015 = jouli 0.045. Pungufu ni jouli 0.09, zilezile ulizokuwa unazitafuta. Na zile milimita 3 ambazo A imeizidi B? Ni kina cha sindano ndani ya kizibo. Nishati imetumika kupasua kizibo na kuishia humo kama joto. Usihangaike kuitafuta kwa kipimajoto: jouli 0.09 zikiingia zote kwenye gramu 1 ya maji, joto linapanda nyuzi 0.02 hivi.

Toa sindano na kizibo, weka springi. Troli zinapofikia kasi moja ya 0.3, springi imeshika jouli 0.09, sawa kabisa na kizibo. Tofauti ni kwamba springi inazirudisha: A inasimama, B inaondoka na 0.6. Kwa hiyo ukisoma swali, jiulize kwanza kilichobonyea kitarudi au hakirudi. Kama vitu vimenasana, kubonyea, kupasuka au kutoboana, usitumie nishati mwendo kuvuka mgongano. Tumia momenta.

Swali la risasi na gogo la kuning'inia limewaangusha wengi hapa. Risasi ya gramu 10 yenye kasi ya 300 inaingia kwenye gogo la kilo 2.99 na kubaki humo. Gogo linapanda kimo gani? Momenta kwanza: 0.01 × 300 = 3 × v, v ni 1. Kuanzia hapo gogo linabembea bila kukwaruzana na chochote, kwa hiyo sasa nishati ni ruksa: v² ÷ 2g (g ni mchapuko wa mvuto wa dunia, 9.8) = 1 ÷ 19.6, yaani sentimita 5.1. Anayeruka hatua ya kwanza anachukua jouli 450 za risasi, anazigawa kwa 3 × 9.8, anapata mita 15. Gogo lililo juu ya nyumba ya ghorofa nne! Jouli 1.5 tu ndizo zilizobaki kwenye mwendo, nyingine zimo ndani ya mbao.

Kuhusu ile nusu na ule mraba uliouliza mwishoni: sukuma tungamo m kutoka kutulia hadi kasi v kwa kani moja, katika muda t. Kani ni mv ÷ t. Kasi ya wastani ni nusu ya v, kwa hiyo umbali ni ½vt. Zidisha, t inafutika, inabaki ½mv². Mraba huo si wa mtihani tu. Basi linalotakiwa kutozidi 80 likienda 100, kasi imeongezeka kwa asilimia 25 lakini kazi ya breki kwa asilimia 56.

Ukipima mwenyewe maabara kwa tikataima, kile kifaa kinachogonga nukta 50 kwa sekunde kwenye utepe wa karatasi unaovutwa na troli, hesabu nafasi, usihesabu nukta. Nafasi 5 ni sekunde 0.1, kwa kasi ya 0.6 zinatakiwa zichukue sentimita 6. Nukta 5 zina nafasi 4, yaani sentimita 4.8. Ukiziita sekunde 0.1 unapata kasi ya 0.48, na ukiiweka kwenye mraba nishati inashuka kwa asilimia 36. Inua pia ubao ambao troli inapita juu yake upande mmoja hadi troli iliyosukumwa kidogo iende kwa nukta zenye nafasi sawa, utepe ukiwa umefungwa kabisa nyuma yake. Wanaorekebisha bila utepe wanasahau kwamba utepe nao unavutwa na kifaa. Kisha pima nafasi zilizo jirani na mgongano, usiende mwisho wa karatasi.

Jambo moja la ziada, maana utalikuta. Ukiachia gololi itambae kwenye mteremko wa kimo cha sentimita 20, fomula ya √(2gh) inakupa 1.98 na wewe unapima karibu 1.67. Ripoti nyingi zinaandika "msuguano" na kufunga daftari. Gololi inayobingirika bila kuteleza haiibiwi kiasi hicho na msuguano. Inazunguka, na mzunguko wenyewe umebeba 2/7 ya nishati yote. Kwa gololi nzima isiyo na uwazi ndani tumia v² = 10gh ÷ 7, utaona namba zinakaa.