Maswali yenu kuhusu kwenda kusikiliza mashindano ya Chopin kule Warsaw

Tangu Eric Lu wa Marekani achukue nafasi ya kwanza Oktoba 2025 maswali yamekuwa mengi mno. Watu waliangalia laivu usiku na sasa wanataka siku moja wakae ndani ya ukumbi wenyewe. Kwa ambaye hajawahi kusikia, haya ni Mashindano ya Kimataifa ya Piano ya Fryderyk Chopin, yalianza 1927 huko Warsaw, Poland, yanafanyika kila baada ya miaka mitano na washiriki wanapiga muziki wa Chopin tu mwanzo mwisho. Yajayo ni 2030. Nimechukua yale maswali yanayojirudia rudia, nayajibu hapa moja moja.

"Mimi sijasoma muziki, noti sijui hata moja. Nikienda si nitakaa tu kama niliyepotea?" (dada wa Dodoma)

Dada yangu hupotei, ila inategemea unaenda siku gani, na hapa ndo nagombana na karibu kila mtu maana wote wanataka fainali. Fainali ni nzuri sikatai, kuna okestra, kuna shamrashamra, lakini kwa mtu anayeanza mi nasema nenda raundi ya kwanza, tena nenda siku nzima, kikao cha asubuhi na cha jioni. Sababu ni moja tu, kwenye raundi ya kwanza watu wengi wanapiga vitu vilevile. Mwaka 2025 washiriki walikuwa zaidi ya 80 na kila mmoja alitakiwa achague walzi moja (walzi ni dansi inayohesabiwa tatu tatu) kati ya tatu tu, sasa piga hesabu mwenyewe, ukikaa pale siku moja walzi moja utaisikia mara kadhaa kwa mikono tofauti na hapo ndo masikio yanafunguka bila mwalimu yeyote.

Chukua walzi ya Op. 42 (Op. ni namba tu ya kutambulisha kazi ya mtunzi). Mkono wa kushoto unahesabu moja mbili tatu, moja mbili tatu, kama walzi yoyote, lakini mkono wa kulia juu yake unaimba kwa mafungu ya mbili mbili, yaani mikono miwili ya mtu mmoja inacheza ngoma mbili kwa wakati mmoja. Wa kwanza akiipiga utasema ah nzuri, basi. Wa pili utaona huyu kakimbiza mpaka ule wimbo wa juu umemezwa. Wa tatu anaushusha mkono wa kushoto chini kabisa, unausikia kwa mbali, na wimbo unaelea juu yake umetulia, na hapo utageuka umwangalie jirani yako bila hata kujua kwa nini. Noti hujui na bado umeshatofautisha, umeshakuwa na wako unayemtetea. Nunua kile kitabu cha ratiba, andika neno moja pembeni ya kila jina mtu akimaliza kupiga, "mkavu", "ana haraka", "huyu!", alafu usiku ukirudi ulikolala soma ulichoandika.

Kitu kingine ambacho laivu haikupi ni sauti ndogo. Kwenye YouTube maikrofoni ziko karibu na piano kwa hiyo kila kitu kinasikika vizuri tu, ila ukumbini, tena ukiwa balkoni nyuma, unagundua kuna mtu akipiga taratibu sauti inafia katikati ya viti na kuna mwingine anapiga taratibu zaidi ya huyo na inakufikia pale pale ulipo kama anakunong'oneza. Mpaka leo sijui kitu kingine kwenye piano kinachonigusa kama hicho.

"Tiketi zinapatikanaje? Nasikia zinaisha mwaka mzima kabla." (Nairobi)

Umesikia ukweli. Zinauzwa mtandaoni takriban mwaka mmoja kabla, kwa yale ya 2025 ziliuzwa Oktoba 2024 na zilikwisha haraka sana, fainali ndo usiseme. Ukumbi wa Filharmonia ya Warsaw una viti elfu moja na kidogo tu na dunia nzima inavitaka, Wajapani, Wakorea na Wachina wanakuja kwa wingi na wanajipanga mapema. Kwa hiyo vuli ya 2029 uwe umeshafungua akaunti kwenye tovuti ya wauzaji, kadi yako ya benki umeshaijaribu kama inakubali malipo ya nje, maana ikikataa dakika ile imekula kwako.

Ukikosa usikate tamaa. Huwa kuna tiketi chache za siku hiyohiyo, za kusimama au kukaa popote patakapobaki, watu wanapanga foleni mapema sana na nguo nzito zao. Na hapa tena raundi ya kwanza inakuokoa, vikao ni vingi, na asubuhi ya siku ya kazi nafasi inapatikana kirahisi kuliko jioni ya fainali.

"Unapiga makofi wakati gani? Naogopa kuaibika." (mama wa Tanga)

Mama, shikamoo. Kwenye taarabu mtu akiguswa anainuka anakwenda kutunza palepale wimbo ukiendelea, huku guso lako unalibana mpaka mtu amalize. Kuna vipande vimegawanyika sehemu sehemu na katikati watu hukaa kimya, mfano sonata ina sehemu nne. Ile ya Op. 35 ndo mtego wenyewe, sehemu ya tatu ni ile maandamano ya mazishi ambayo kila mtu anaijua, ikiisha unadhani basi, kumbe bado kuna ya nne, haifiki hata dakika mbili, mikono yote miwili inakimbia noti zilezile chini chini bila wimbo wowote wa kushika alafu inakatika ghafla. Watu wanashtuka, hata waliozoea. Njia rahisi ni kuangalia mikono, ikishuka kabisa mapajani na mtu akaanza kuinuka, piga makofi mpaka viganja viume.

Kingine ni kikohozi. Kama una kifua, pipi zako ziwe zimeshamenywa kabla, lile karatasi likifunguliwa ukumbini linasikika mpaka jukwaani. Simu zima kabisa, kurekodi hawaruhusu. Na ukichelewa unasubiri nje mpaka anayepiga amalize.

"Nivae nini?"

Nadhifu tu, huhitaji suti ya harusi. Kitenge kizuri kinapendeza sana pale. Ila Oktoba Warsaw kuna baridi kwa hiyo koti zito ni lazima, na koti huingii nalo ukumbini, unaliacha pale mlangoni wanapotunza makoti wanakupa namba.

"Yule niliyempenda alitolewa mapema. Majaji wanaangalia nini hasa? Au kuna kubebana?" (kaka wa Mombasa)

Kaka hili swali lina umri wa mashindano yenyewe. Kwanza utaratibu. Kila jaji anatoa alama kati ya 1 na 25, jaji hampi alama mwanafunzi wake, na alama inayopishana mno na wastani wa wenzake inarekebishwa ili mtu mmoja asimnyanyue wala asimzamishe mshiriki peke yake. Mashindano yakiisha alama zinawekwa wazi, jaji kwa jaji, unaweza kusoma nani alimpa nani ngapi. Si mashindano mengi yana ujasiri huo na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Lakini ugomvi upo na utakuwepo. Mwaka 1980 kijana wa Yugoslavia Ivo Pogorelich alitolewa kabla ya fainali, na Martha Argerich, aliyeshinda mashindano hayahaya 1965, akasema huyu ni genius akajitoa kwenye jopo la majaji. Watu wanaikumbuka hiyo tu, wanasahau kwamba mwaka huohuo aliyeshinda alikuwa Dang Thai Son wa Vietnam, Mwasia wa kwanza kushinda, kijana aliyejifunza piano nchini kwake wakati mabomu yanaanguka. Na huyo Dang Thai Son ndo baadaye akawa mwalimu wa Bruce Liu aliyeshinda 2021 (yale ya 2020 yaliyosogezwa mwaka kwa sababu ya korona) na akamfundisha pia huyu Eric Lu. Kuna miaka majaji walikataa kabisa kutoa nafasi ya kwanza, 1990 na 1995 hakupewa mtu.

Wanachotafuta ni kigumu kukielezea ila ukikaa siku mbili tatu utakiona. Noti safi kila mtu anazo pale, hao wote ni mafundi. Mtu anapimwa kwenye mazurka. Ni ngoma ya wakulima wa Poland, inahesabiwa tatu lakini mkazo unahama, mara uko kwenye la pili mara kwenye la tatu, na mpigaji anatakiwa aucheleweshe kidogo tu, akizidisha inakuwa maigizo, akipunguza inakuwa walzi. Redio ya Poland ina zawadi yake maalum kwa anayepiga mazurka vizuri kuliko wote, na wazee wa Kipolandi pale ukumbini wakati wa mazurka utaona nyuso zao zinabadilika wanasikiliza kwa ukali kweli. Mtu wako huenda alipiga kila kitu vizuri akaanguka hapo.

Na mpende hivyohivyo. Eric Lu mwenyewe alishika nafasi ya nne 2015 akiwa na miaka 17, akarudi baada ya miaka kumi akashinda. Andika jina la mtu wako umfuatilie.

"Nina pasipoti ya Tanzania, naishi Muscat. Viza inakuwaje?"

Poland iko Schengen kwa hiyo ni viza ya Schengen, na unaomba kama mkaazi wa Oman ikiwa ukaazi wako uko hai, huna haja ya kurudi Dar. Walioko nyumbani, Poland ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Sasa utaona kuna shida ya mpangilio, tiketi za ukumbini zinauzwa mwaka kabla wakati viza huwezi kuomba mpaka ibaki miezi sita. Mi nasema nunua tiketi ya muziki kwanza, ni pesa ndogo ukilinganisha na ndege, na kwenye maombi inakusaidia kuonyesha unaenda kufanya nini. Ndege ndo uisubirie viza. Ukitua, uwanja wenyewe unaitwa Chopin na treni inakuingiza mjini.

"Nimeona kwenye ratiba tarehe 17 Oktoba hakuna mashindano. Kwa nini?" (msomaji wa Arusha)

Kwa sababu ndo siku aliyofariki Chopin, Paris, mwaka 1849, alikuwa na miaka 39. Mwili wake uko makaburi ya Père-Lachaise huko Paris lakini moyo dada yake Ludwika aliurudisha Warsaw kimyakimya, na leo uko ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu, unatembea tu kwa miguu kutoka ukumbini. Siku hiyo jioni kanisani wanaimba Requiem ya Mozart, yaani misa ya wafu, maana hiyohiyo iliimbwa kwenye mazishi yake. Kama utakuwa Warsaw usiipoteze siku hiyo kwa kulala hotelini. Mchana nenda makumbusho ya Chopin, kuna piano yake ya mwisho, ya Pleyel, alafu kanisani fika mapema sana kwa sababu panajaa.

"Wanatangaza matokeo saa ngapi? Nilisinzia."

Pole, hukuwa peke yako. Matokeo ya fainali 2025 yalitoka usiku wa manane, majaji walijifungia saa kadhaa huku watu wamekaa kwenye ngazi za ukumbi, wazee, wanafunzi wa muziki, waandishi, wote wanakisia. Ukiwa pale usikimbilie kulala, maongezi ya kwenye zile ngazi na watu usiowajua ni sehemu ya safari.

"Sina uwezo wa kufika. YouTube inatosha?" (Kigoma)

Inatosha kuipenda, tena ni bure, taasisi ya Chopin inarusha vikao vyote na rekodi zinabaki. Saa zake kwetu ni nzuri, kikao cha asubuhi kikianza saa nne kule ni saa tano hapa, cha jioni ni saa kumi na mbili. Tumia hedifoni, spika ya simu inaua mkono wa kushoto wote. Na angalia pia zile dakika za katikati, mafundi wanavyoondoa piano moja na kusukuma nyingine, kwa sababu mshiriki anajichagulia, 2025 zilikuwa Steinway, Yamaha, Kawai, Fazioli na Bechstein. Bruce Liu 2021 alishinda kwa Fazioli.

"Hakuna ya karibu na sisi?"

Ipo. Pretoria, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, Unisa, wanaandaa mashindano ya kimataifa tangu 1982, awamu nyingine piano, nyingine nyuzi, nyingine uimbaji. Mtanzania na Mkenya kwa safari fupi haombi viza kwenda Afrika Kusini, kwa hiyo kama bajeti ya Ulaya haijakaa sawa fuatilia ratiba yao, ukiona mwaka wa piano ombeni likizo muende wawili, maana lazima upate wa kubishana naye wakati wa mapumziko.