Nilimsikiliza, lakini sikuwepo

Rafiki yangu alikuwa ananisimulia habari za ugonjwa wa mama yake. Nimekaa mbele yake, namtazama usoni, naitikia "mhh", "pole", "ikawaje?" kila panapostahili. Alipomaliza akanishukuru kwa kumsikiliza. Nikaona aibu, maana tangu katikati ya masimulizi sikuwa nimeshika hata neno moja. Nilipofungua kiganja cha kushoto nikakuta alama nne za kucha zangu mwenyewe, zimezama kama mhuri. Sikuwa nimezihisi zikiingia.

Sitasimulia kilichonipata miaka ya nyuma, si lazima kwa ninachotaka kusema. Inatosha kujua kwamba baada ya hapo watu wakinisogelea, hata wale niwapendao, mimi nahama. Mdomo unabaki ukijibu, mwili unakufa ganzi.

Kiswahili kinayajua mambo haya vizuri. Tunasema roho iko juu juu, tumbo joto, nguvu zimeniishia. Hatari ikipita tunasema roho imerudi mahali pake. Yangu ilichelewa kurudi, basi. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, damu ikakimbilia kwenye misuli, ili upigane au utimue mbio. Pale ambapo yote mawili hayawezekani, mwili huweza kuganda. Siulaumu mwili wangu kwa kuganda siku ile. Ila uliendelea kuganda miaka baadaye, mbele ya rafiki asiye na kosa lolote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo wangu ulikuwa sauti iliyopanda kidogo, mtu kukaa kati yangu na mlango, au mkono kutua begani bila taarifa.

Mshauri nasaha niliyekuwa namwona aliniuliza siku moja, katikati ya maneno yangu mengi, "Miguu yako iko wapi sasa hivi?" Nikainama kuangalia. Akacheka kidogo: "Sikukuuliza unaiona wapi." Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kazi iliyokuwa mbele yangu. Ilinichukua muda, nimevua viatu, nikikandamiza nyayo sakafuni na kuachia, mpaka nikahisi ubaridi wa sakafu chini ya kisigino. Kisigino kimoja tu. Kile cha pili kilikuja wiki iliyofuata.

Kabla ya hapo niliamini kwamba kumsikiliza mtu vizuri ni kumpa macho, masikio na kila kitu, usijibakizie chochote. Kwa mtu aliyewahi kuumizwa, huo ni mwaliko wa kuhama. Sasa namgawia mwenzangu nusu ya usikivu wangu, nusu inabaki kwangu. Anaongea, nami nasikia uzito wa mwili wangu kwenye kiti, mgongo ulivyoegemea, kama taya zimekazana. Nilihofia ningeonekana sijali. Cha ajabu ni kwamba siku hizi nakumbuka zaidi wanachoniambia watu, kwa kuwa anayesikiliza yupo.

Nina tahadhari moja. Ushauri wa "fumba macho, ingia ndani ya mwili wako" si wa kila mtu. Mara ya kwanza nilipoujaribu, kifua kilibana hadi nikadhani nazimia. Mwili uliobeba kiwewe una vyumba ambavyo hufungui kwa pupa. Anza na sehemu isiyo na habari, isiyokutisha wala kukufurahisha. Kwangu ilikuwa ncha za masikio na viganja. Wengine hutumia kitu cha kushika, ufunguo au kitambaa mfukoni. Macho yabaki wazi, yatembee polepole chumbani: dirisha lile pale, mlango ule pale, leo ni leo. Pumzi nayo hivyo hivyo. Kuvuta hewa nyingi kwa nguvu kulinizidishia kizunguzungu. Kinachonisaidia ni kutoa pumzi taratibu kuliko ninavyoivuta, kama anayepoza kitu cha moto, kwa kuwa mapigo ya moyo hupungua kidogo kila tunapotoa pumzi. Yote haya hufanyika mtu akiwa mbele yako, bila yeye kujua.

Halafu kuna mambo ya mpangilio, madogo lakini nisingeyaacha. Nakaa mahali ninapouona mlango. Mazungumzo mazito nayafanya tukitembea bega kwa bega, maana kutazamana ana kwa ana kwa saa nzima hunichosha mno. Nani alisema lazima umkodolee mtu macho ndipo ajue unamjali? Naangalia pembeni, napumua, narudi. Anayetaka kunikumbatia nami siko tayari, nanyoosha mkono mapema. Mwenye kuelewa huelewa.

Sasa jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Kutulia mwilini si dawa ya kumvumilia mtu anayekuumiza. Wakati mwingine moyo unakwenda mbio kwa sababu nyoka yupo kweli, si ung'ongo. Nitajuaje? Sina kipimo kisichokosea, nina vijaribio viwili. Kwanza nasogeza kiti nyuma kidogo, au naomba udhuru nikasimame nje dakika chache. Hofu ya zamani mara nyingi hulegea nikipata nafasi. Pili, nakataa jambo dogo: "Hapana, leo siwezi kukaa hadi usiku." Kisha natazama. Anayeniheshimu huenda akasikitika kidogo, na mambo yanaendelea. Mwingine hununa, hunisuta, huniuliza mara tano kwa nini. Hapo sipambani tena na pumzi zangu. Naondoka.

Na kama unapoteza saa nzima usijue zimekwendaje, kama usiku ni wa jinamizi mfululizo, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, usibaki na makala ya mtu kama mimi. Mtafute mtaalamu wa afya ya akili. Miguu sakafuni ni nzuri, lakini nisingefika mbali peke yangu.

Bado nahama. Mwezi uliopita nilikuwa na rafiki yule yule, safari hii anaeleza ugomvi wa kazini kwake, anaigiza sauti ya bosi wake kwa ukali. Nikaiona dalili, kwa sababu sasa naijua: sauti yake ilikuwa inatoka mbali, kama mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta. Nikakandamiza kisigino. Nikagusa ukingo wa meza, ulikuwa na mchubuko mdogo kwenye mbao, nikaupitisha kidole. Zamani ningeendelea kuitikia "mhh". Safari hii nikasema, "Samahani, hebu rudia hapo kwa bosi. Nilitoka kidogo."

Akanyamaza, akanitazama. "Ulipotelea wapi?"

"Nimesharudi," nikamwambia. Akavuta kiti chake nyuma kidogo bila kuombwa, akaanza upya, bila kuigiza sauti.