Jibu kwa dada wa Nakuru: mapenzi safi, historia na taharuki

Dadangu wa Nakuru, umeuliza kama riwaya ya mapenzi isiyo na mambo ya kitandani inaweza kumshika msomaji hadi ukurasa wa mwisho, na kama kuirudisha miaka ya zamani kutaifanya iwe nzito. Mimi nimezisoma hadithi za namna hiyo tangu darasa la saba, na huu ni mwaka wa tisa nikiziandika hapa Kisumu. Nikueleze yaliyonipata.

Mswada wangu wa kwanza niliupeleka kwa mchapishaji mmoja. Ukarudi na neno moja: hauna joto. Mhariri alitaka wale wawili wawe chumbani ifikapo sura ya nne. Nilijaribu, sikufichi. Nilikaa na sura hiyo wiki mbili, na nilipoimaliza nikaona sura ya tano haina kazi tena. Wawili wale wamekwisha kupata walichokuwa wakikitamani. Msomaji angefungua ukurasa kutafuta nini? Nikaichana, nikamwacha mhariri na maoni yake.

Kilichonifungua macho ni kisa cha nyanya yangu mzaa mama. Dada mkubwa wa mama yake alikuwa ameposwa, ng'ombe wawili wamekwisha kuingia bomani, kijana akachukuliwa Kariakor, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi (Carrier Corps). Ilikuwa 1917, mwaka ambao serikali iliwazoa vijana wa Nyanza kwa maelfu kwenda kubebea jeshi la Uingereza mizigo vitani, huko Afrika Mashariki ya Wajerumani. (Mtaa wa Kariokor pale Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yote yamepata majina yao kwa wapagazi hao.) Wengi walifia huko, na zaidi ya risasi waliuawa na kuhara damu, malaria na utapiamlo. Yule binti hakujua kusoma, wala mchumba wake. Hapakuwa na barua ya kungojea. Akawa anahesabu mavuno ya mtama. Ya kwanza, kimya. Ya pili, akaja mtu aliyedai ameona kijana akizikwa, na wazee wakaanza kuzungumzia kurudisha ng'ombe.

Jioni moja mtu akasimama langoni, amekonda hadi mbwa waliomzoea wakambwekea. Akaomba maji. Binti akamletea kata. Nyanya akifika hapo alikuwa anainua mikono yake kunionyesha: mwanamume aliishika kata kwa mikono miwili kwa sababu homa ilikuwa ikimtetemesha, na binti akakinga kiganja chini yake maji yasimwagike. Vidole havikugusana. Akanywa. Na kabla hajaiachia ile kata akamwita binti kwa jina lake la utotoni, lile ambalo mgeni yeyote asingelijua.

Kisa hicho nimekisikia mara nyingi, mwisho wake naujua, na bado kila mara kifua kilinibana penye ile kata. Kwa hiyo mtu akiniambia mapenzi safi ni mapenzi ya baridi, namwona hajawahi kusimuliwa vizuri.

Sasa angalia ni nini kilichowatenganisha wawili hao. Mwandishi wa mapenzi ya leo hupata taabu sana kuwaweka wapenzi wake mbalimbali. Itabidi asingizie simu imeisha chaji. Wa 1917 ana vita, ana mpaka, ana safari ya miezi, ana karani asiyejua lugha ya watu anaowaandikisha. Historia yenyewe inakufanyia kazi ya kuwachelewesha, na kuchelewa huko ndiko kunakopandisha hamu. Ndiyo maana siioni kuwa mzigo.

Huyo karani ndiye aliyenipa taharuki. Katika riwaya yangu ya pili, sura ya pili, msomaji anamwona akiandika jina la kijana visivyo kwenye daftari la wapagazi. Basi. Hakuna bunduki, hakuna mtu anayenyemelea usiku. Binti anakuja kulijua kosa hilo sura ya tisa. Kwa sura saba msomaji anamtazama akienda kwa chifu, akienda bomani kwa DC, mkuu wa wilaya, akitaja jina sahihi na kuambiwa mtu huyo hayupo. Mama mmoja anayeuza samaki karibu na kwangu alinirudishia nakala, akaniambia alitamani kuingia kitabuni amnong'oneze. Sijapata sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo. Na jambo lenyewe lina mizizi: jamaa za wapagazi wengi waliofia vitani hawakuupata mshahara wa marehemu wao.

Ila historia ukiichezea, inakuaibisha. Niliwahi kuandika bibi arusi anayeshuka kwenye gari moshi Kisumu mwaka 1899. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli alisoma ukurasa huo, akavua miwani. "Binti yangu, 1899 reli ndiyo kwanza imefika Nairobi. Hapa imefika Desemba 1901, na pakaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa Preston, mhandisi wa reli." Akaongeza kwamba hadi 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa upande wa Uganda. Niliumia, maana sura tatu zilianguka palepale. Lakini nilipoanza upya, bibi arusi ilimlazimu ateremke Nairobi na kufuata msafara kwa miguu, avuke Bonde la Ufa, apande Mau kwenye baridi, na mtu aliyetumwa kumsindikiza hakuwa bwana arusi. Riwaya nzima imezaliwa hapo, kwenye kosa lililosahihishwa.

Wewe uko Nakuru, na Njoro si mbali. Nenda kwenye kasri la Lord Egerton, yule mlowezi wa Kiingereza, ukiwa na daftari. Lilianza kujengwa 1938, likaisha 1954, na mwenyewe akafa 1958 bila kuoa. Inasimuliwa kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyeidharau nyumba yake ya kwanza, na kwamba baada ya kukataliwa hakutaka tena kumwona mwanamke yeyote pale. Mimi kila nikisikia simulizi hiyo namuulizia huyo mwanamke. Alikuwa akiogopa nini? Alimwambia nani kabla ya kumjibu bwana yule? Na waliochonga na kupanga mawe yale miaka yote hiyo nao walikuwa na wachumba nyumbani. Ningekuwa karibu kama wewe, ningeanza na mmoja wa hao waashi.

Kuhusu urefu uliouliza: zangu huwa maneno elfu arobaini hivi, na busu ni moja tu, nalo liko baada ya harusi. Ukimaliza sura ya kwanza, mpe mzee mmoja wa hapo kwenu aisome kabla hujaitoa kwa wasomaji, hasa palipo na tarehe.