Miguu ya Shangingi Imechoka: Maswali ya Wasomaji wa Dodoma

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu magari makubwa ya zamani, hasa Land Cruiser 80 na 100. Karibu zote zina lalamiko moja: spea zimebadilishwa, pesa imetoka, gari bado linayumba.

Usukani unatikisika nikipita rasta

*Salaam wahusika. Nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, ya dizeli. Nikipita rasta za lami nikiwa kwenye kilomita 70 kwa saa, usukani unatikisika hadi mikono inauma, na hautulii mpaka nishuke kwenye 40. Kwenye vumbi gari linatangatanga, halishiki njia. Nimebadili shokapu zote nne mara mbili ndani ya miaka 2, na ile ndogo ya stelingi mara moja. Sasa fundi anataka tubadili springi. Nikubali? – Msomaji, Kizota*

Ndugu msomaji, springi usinunue bado. Tatizo lako haliko kwenye springi, na halikuwa kwenye shokapu tangu mwanzo.

Kazi ya shokapu ni kutuliza springi isirukeruke. Haishiki ekseli mahali pake. Kwenye 80, ekseli ya mbele ni chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, na inashikwa na vitu vitatu tu: amu mbili nene zinazotoka kwenye chasisi, na panhadi, ile fito inayokatisha chini ya gari kuzuia ekseli isihame kushoto wala kulia. Kila amu ina bushi tatu (vipande vya raba vyenye chuma ndani na nje), mbili kwenye ekseli na moja kwenye chasisi. Panhadi ina bushi mbili. Tairi nazo hugeukia kwenye beringi za kingipini, mbili kila upande, zilizo juu na chini ya lile tufe la chuma nyuma ya habu. Kimoja kati ya hivi kikilegea, rasta huanzisha mtikisiko wa tairi kwenda kushoto na kulia, na mtikisiko huo hujilisha wenyewe mpaka mwendo upungue. Shokapu ya stelingi ikiwa mpya huuficha kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana ukiibadilisha unaona nafuu, kisha yanarudi yale yale.

Pima kwa mpangilio huu, na usiruke hatua.

Anza na tairi kwa sababu ndiyo rahisi. Fanya balansi, kisha hamisha za mbele ziende nyuma. Mtikisiko ukihama kutoka kwenye usukani kwenda kwenye kiti, tairi au rimu ndiyo yenye kosa.

Pili, gari likiwa chini kwa uzito wake, handibreki imevutwa na mawe yamewekwa kwenye tairi za nyuma, mtu mmoja awashe injini na kugeuza usukani robo mzunguko kushoto na kulia, kwa haraka, bila kuacha. Wewe ukiwa chini ya gari weka kidole kwenye ncha ya panhadi, nusu ya kidole ikigusa jicho la fito na nusu ikigusa breketi. Bushi ikiwa nzima, vyote viwili husogea pamoja. Ikiwa imekufa, utahisi jicho likitangulia na breketi ikifuata, hata pale ambapo macho hayaoni kitu. Fanya hivyo kwa tairodi endi zote nne, yaani viungo vya ncha za fito za stelingi. Ile inayocheza juu-chini ndani ya kikombe chake imekwisha, hata kama raba yake ya kufunika haijapasuka.

Tatu, inua ekseli kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, kisha itikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea, beringi za habu zimelegea. Ukibaki, ni kingipini. Hatua hii ya kukanyaga breki watu wengi huiruka, halafu wanafungua habu bure.

Kwa dalili ulizoeleza, tunatarajia utakuta kingipini na panhadi. Kingipini zinahitaji beringi 4, sili, gasketi, na grisi ya molibdeni ya kutosha kwa pande zote mbili. Ukifungua, angalia grisi ya zamani. Ikimiminika kama uji mweusi na kunuka oili ya difu, sili ya ndani ya ekseli imekufa na oili inapenya. Lazima nayo ibadilishwe, la sivyo beringi mpya zitaoshwa grisi yake na kwisha mapema. Zile shimu (vibati vyembamba) za juu na chini zifungie waya na kuziandika kila moja ilikotoka, kwa sababu ndizo zinazoamua kingipini ikaze kiasi gani. Kabla ya kurudisha ekseli ya ndani na sili, funga kingipini, kisha vuta ncha ya mkono wa stelingi kwa mizani ya ndoana na ulinganishe na kipimo cha kitabu cha gari. Ukivuta ukaona inaachia yenyewe bila ukinzani wowote, punguza shimu.

Nati mbili za habu hufunguliwa kwa soketi ya 54. Mtu akishika patasi na nyundo, msimamishe. Kingo za nati huharibika, na ukija kuikaza huwezi kujua imekaza kiasi gani.

Baada ya hapo ndipo bushi. Gari zima lina 18: sita za amu za mbele, mbili za panhadi ya mbele, nane za amu za nyuma, na mbili za panhadi ya nyuma. Bado hujahesabu zile za stabilaiza, ile fito inayozuia gari lisilale kwenye kona. Pesa ikiwa haitoshi kwa mkupuo mmoja, anza na kingipini na panhadi ya mbele, kisha amu za mbele. Za nyuma zinaweza kusubiri mwezi au miwili. Shokapu ziwe za mwisho.

Na hapa tunakuomba utusikilize sana, maana ndipo kazi nzuri nyingi zinapoharibika. Bushi ya raba haizunguki kwenye bolti kama beringi. Raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na gari linapopanda na kushuka, raba ndiyo inayojinyonga na kurudi. Fundi akikaza bolti gari likiwa juu ya stendi na ekseli ikining'inia, chuma cha ndani hubanwa katika hali hiyo. Ukilishusha gari, raba zote zinabaki zimejinyonga hata likiwa limeegeshwa tu. Kila shimo linaongezea mnyongo, na baada ya miezi michache raba inaachana na chuma. Mwenye gari anasema spea ilikuwa feki, kumbe ilikuwa nzima.

Ingiza bolti zote, nati zikaze kwa mkono tu. Shusha gari, lisukume mita chache mbele na nyuma, lisukume bampa juu-chini mara kadhaa litulie. Hapo, likiwa limesimama kwa uzito wake, ingia chini na ukaze. Amu za mbele zinahitaji nguvu ya karibu nyutoni-mita 170, kwa hiyo tafuta spana ya toki. Wewe mwenye gari simama pale uone hatua hii ikifanyika. Huhitaji kuwa fundi kuona kama tairi zimegusa ardhi.

Bushi za kuchonga zinafaa?

*Shikamooni. Bushi za amu za mbele za 80 nimeambiwa bei kubwa. Kuna fundi wa mashine ya kuchonga anazitengeneza kwa nailoni, anasema hazitakufa kamwe. – Msomaji wa kike, Nzuguni*

Marahaba, dada. Huyo fundi hakukudanganya: nailoni yenyewe haitakufa. Kitakachokufa ni kile inachokishika.

Tairi moja ya mbele ikipanda kwenye tuta na nyingine ikabaki chini, amu mbili hujaribu kuinyonga ekseli. Raba laini inakubali mnyongo huo. Nailoni haikubali, hivyo nguvu yote inakwenda kwenye breketi zilizochomelewa kwenye ekseli, na huko nyufa huanza kidogo kidogo. Kuchomelea ekseli ni kazi kubwa kuliko bei ya bushi sita. Kwa amu za mbele weka raba. Poliyurethani inavumilika kwenye panhadi na stabilaiza, ila kwa vumbi letu italia usiposafisha na kupaka grisi yake maalumu.

Unapobadilisha, peleka amu kwenye presi ya tani 20. Ndogo zaidi hubeba bushi nyepesi, lakini hizi zilizokaa miaka 30 zinaigomea. Kabla hazijasukumwa, chora mstari kwa patasi au rangi kuonyesha raba ilivyokaa, kwa kuwa baadhi zina matundu yanayotakiwa kuelekea upande maalumu. Usikubali mtu azichome kwa moto ili zitoke. Moshi wake ni sumu na chuma cha amu kinapata joto kisilolihitaji. Ganda la nje likigoma, likatwe kwa ndani kwa msumeno wa chuma, mpaka linakaribia kwisha, kisha ligongwe. Bolti iliyogandana na chuma cha ndani inyunyizie oili ya kulainisha kutu jana yake, si dakika 5 kabla.

Land Cruiser 100 imekuwa ngumu kama gogo

*Gari ni Land Cruiser 100 ya mwaka 2003. Mbele lilikuwa limekaa chini. Fundi alikaza bolti mbili chini ya gari, likapanda vizuri. Ila sasa kila shimo linagonga "ta!" na safari ya Iringa imekuwa mateso. – Msomaji, Area C*

Land Cruiser 100 nyingi, zilizotengenezwa kati ya 1998 na 2007, hazina springi za mviringo mbele. Zina tosheni baa, vyuma virefu viwili vinavyolala sambamba na chasisi na kujinyonga ili kubeba gari. Bolti zile za soketi ya 30 hazikazi springi iwe na nguvu zaidi. Zinahamisha tu mahali amu inaposimama. Gari likipandishwa kupita kiasi, amu ya juu inakaribia raba ya kikomo cha chini, na tairi ikidondoka shimoni amu inagonga pale. Hiyo ndiyo "ta!" yako. Sivi jointi, viungo vya ekseli zinazozungusha tairi za mbele, nazo hufanya kazi kwa pembe kali na kupasua raba zake.

Inua mbele ili tairi zining'inie, safisha nyuzi za bolti na uzipake grisi, kisha legeza nusu mzunguko kwa zamu, kushoto na kulia. Shusha, endesha kama kilomita 5, na pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi. Rudia mpaka pande mbili zilingane na pengo la kueleweka lionekane kati ya amu na raba ya kikomo. Usibadilishane baa za kushoto na kulia, hazifanani.

Kabla ya yote, kagua bolijointi za chini ukiwa umeweka jeki chini ya amu ya chini, ili uzito uondoke kwenye jointi. Kagua pia bushi za amu za chini, na bushi zinazoshika reki ya stelingi kwenye chasisi. Bushi hizo za reki zikifa gari hutangatanga kwenye lami iliyonyooka, na wengi hulaumu tairi. Kanuni ya kukaza gari likiwa chini ni ile ile. Ukimaliza, nenda kwenye mashine ya alaimenti, kwani kimo kikibadilika pembe za tairi hubadilika zote.

Nyuma limelala nikipakia zabibu

*Nabeba kreti za zabibu kutoka Hombolo, kama kilo 400 kila safari. Nimeshauriwa kuweka vipande vya raba kati ya mizunguko ya springi za nyuma. – Msomaji, Ihumwa*

Usiweke. Kipande cha raba kinazuia mizunguko miwili isifanye kazi, na iliyobaki inabeba zigo lote, hivyo inavunjika pale pale raba inapoishia. Nunua springi za nyuma zilizotengenezwa kwa mzigo wa kudumu, jozi, pamoja na shokapu zinazoendana nazo. Ila kama siku nyingi unatembea mtupu, springi hizo zitakutingisha sana. Kwako, unayebeba kila wiki, zinafaa.

Kuzitoa kwenye 80 hakuhitaji kibana springi. Ukishafungua shokapu za nyuma na linki za stabilaiza, ekseli inashuka kwa jeki ya chini mpaka springi inatoka kwa mkono. Tazama bomba la breki la katikati lisivutike, na ufungue ile fito nyembamba ya vali ya breki inayounganishwa na ekseli. Ikisahaulika hupinda, na breki za nyuma hazipati tena shinikizo sahihi.

Ukiinua na mbele kwa springi ndefu za sentimita 5, ekseli inazunguka na kupoteza takriban nyuzi 2 za kasta, ile pembe inayofanya tairi za mbele zishike njia. Gari litakuwa jepesi usukani na litatangatanga. Zipo bushi za amu za mbele zenye tundu lisilo katikati, kwa ajili ya kurudisha kasta hiyo. Zinunue pamoja na springi.

Kwa kifupi

*Je, 80 inahitaji alaimenti ya mashine baada ya matengenezo? – Msomaji, Kondoa*

Si lazima. Ekseli ya chuma kimoja haina kamba, yaani mlalo wa tairi kuelekea ndani au nje, ya kurekebisha. Kinachorekebishwa ni tairi za mbele kutazamana tu. Nyoosha usukani, chora alama kwa chaki katikati ya kila tairi, mbele, kwenye kimo cha habu. Pima umbali kati ya alama mbili kwa futi, kisha sukuma gari mpaka alama zifike nyuma kwa kimo kile kile, upime tena. Mbele pawe pafupi kuliko nyuma kwa milimita 1 hadi 3. Legeza klampu za tairodi, zungusha bomba lake kidogo kidogo, kaza klampu, sukuma gari, pima upya.