Meli ikivutwa na upepo ikiwa imeungwa na gati, mafuta yataenda wapi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mvuvi, naishi Chongoleani, Tanga. Tunaambiwa meli za mafuta ya Uganda zitafungwa gatini na kuungwa na bomba. Sasa kusi likivuma, kamba zikakatika, meli ikaondoka, bomba si litachanika mafuta yote yamwagike? Na yakishamwagika yatazuiwaje?

JIBU: Marahaba. Umegusa penyewe. Bomba kuu linaloleta mafuta lina kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, nchini Uganda, hadi kwenu, na karibu lote limefukiwa ardhini. Ni hapo gatini tu ndipo chuma kilichosimama kinaungwa na chuma kinachoelea.

Kinachounga meli na gati ni mikono ya kupakilia: mabomba ya chuma yenye viungo vinavyozunguka, na uzito wa nyuma wa kuyasawazisha. Lazima yacheze, kwa sababu maji ya bamvua Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na meli nayo huzama kadiri inavyojazwa.

Lakini kila mkono una mwisho wa kufika, na vihisi vyake hujua mwisho huo uko wapi. Meli ikianza kuuvuta kupita kiasi, kwanza kengele hulia, pampu huzimwa na vali, yaani koki kubwa za kuzuia mafuta, huanza kufunga. Ikiendelea kwenda, hatua ya pili inaingia. Kwenye mkono kuna vali mbili zilizopakana, zimeshikwa pamoja na kibanio. Vali zote mbili hufunga, ndipo kibanio kinaachia. Meli inaondoka na vali yake imefungwa, mkono unabaki na yake. Kinachodondoka ni kile kidogo kilichobaki katikati. Mpangilio huo haukuachiwa kumbukumbu ya opereta: mtambo wenyewe hautakiwi kuruhusu kibanio kifunguke kabla vali hazijafunga.

Utauliza, kwa nini vali zisifunge papo hapo? Ukifunga ghafla koki ya maji nyumbani, husikii mabomba yakigonga? Mafuta yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla, shinikizo hupanda kwa karibu baa 10 (baa moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa inayotuzunguka). Yakienda mita 4, ni karibu 40. Vali ya haraka mno inaweza kupasua bomba ililowekwa kulilinda. Kwa hiyo vali kubwa za gatini hupewa muda, mara nyingi kama nusu dakika, na kengele lazima iwahi. Binafsi, nikikagua gati naanza na hesabu hiyo ya sekunde. Rangi mpya ya mitambo hainishughulishi.

Sasa yakimwagika. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na ndiyo maana bomba hupashwa moto yabaki juu ya nyuzi 50 za Selsiasi. Bahari yenu iko kati ya 25 na 30 hivi. Yakigusa maji yataganda mapandemapande. Hayatatandaa upesi kama dizeli, ila yatanasa kwenye nyavu na mizizi ya mikoko. Mashine nyingi za kukomba mafuta zimetengenezwa kwa kitu kinachotiririka. Kwa mapande hayo utahitaji za mkanda, au nyavu zenye matundu madogo.

Kuna pia uzio unaoelea wa kuzingira mafuta. Huu watu huuamini kupita uwezo wake. Ukiutega kukingama na mkondo, mkondo ukizidi karibu theluthi moja ya mita kwa sekunde, mafuta huanza kupita chini yake. Hutegwa mshazari ili kuyasukuma pembeni kwenye maji tulivu, na maji tulivu yako wapi wakati wa bamvua mnajua ninyi kuliko sisi wa ofisini. Wakiitisha mkutano kijijini, waulize mazoezi ya kutega uzio yanafanywa maji yakiwa ya bamvua au maji mafu, yale yasiyopanda na kushuka sana. Wakisema maji mafu, waombe warudie siku ya bamvua, na wavuvi mkiwepo.