Mkongo na seva havitaunganisha mafaili ya wagonjwa

SWALI: Mimi ni ofisa TEHAMA katika hospitali ya wilaya hapa Tanzania. Tunataka kusoma historia na vipimo vya wagonjwa wa rufaa kutoka vituo vya afya vinne, na baadaye tuungane na mfumo wa taifa. Mkandarasi anasema tukivuta mkongo na kununua seva kubwa, programu yake itamaliza yaliyobaki kwa mwezi mmoja. Tumwamini?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mkongo na seva mtavihitaji, lakini hiyo ndiyo sehemu rahisi, na ndiyo maana wauzaji hawachoki kuitaja. Mwulize: kompyuta yenu itajuaje kwamba Mwanahamisi wa kituo cha afya ndiye Mwanahamis aliyelazwa kwenu? Asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa mara nyingi huandikiwa Januari 1. Namba ya simu hutumiwa na nyumba nzima. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) inasaidia kwa mtu mzima aliye nayo, lakini watoto wengi hawana. Pasipo rejesta moja ya wagonjwa, na mtu wa masjala mwenye mamlaka ya kuamua majina yanapogongana, mtazalisha mafaili mawili ya mtu mmoja, na mzio wa penisilini ulioandikwa katika moja hautaonekana katika jingine. Kibaya zaidi ni faili moja la watu wawili.

Halafu vipimo. Sukari ya damu hupimwa kwa vizio viwili: 10 kwa mmol/L ni sawa na 180 kwa mg/dL, yaani iko juu. Programu ikituma "10" tupu na daktari akaisoma kwa mg/dL, ataona mgonjwa anayekufa kwa sukari kushuka, amwekee glukosi. Intaneti ya kasi itafikisha kosa hilo haraka zaidi. Dawa yake ni misimbo na viwango vya pamoja: ICD-10 kwa magonjwa, LOINC kwa vipimo, FHIR kwa kubadilishana taarifa, na kila namba iende na kizio chake.

Msijidanganye pia kwamba ripoti za MTUHA, yaani takwimu za huduma za afya, zinazoingia DHIS2, programu ya kukusanya takwimu hizo iliyoenea nchi nzima tangu 2013, zinatosha. Zile ni hesabu za mwezi. Zinasema wagonjwa wa malaria walikuwa wangapi. Hazimjui hata mmoja.

Linaloniudhi kuliko yote ni njia ya mkato ya kurusha picha za majibu kwenye kundi la WhatsApp la rufaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Jibu la VVU likishakaa kwenye simu za watu thelathini, hakuna wa kulirudisha.

Kwa yeyote anayetaka kununua mfumo: kabla ya kusaini, mkandarasi atoe mbele yenu taarifa za majaribio kwa FHIR, na programu ya kampuni nyingine izisome hapohapo. Mkataba useme taarifa ni mali ya hospitali na zitatolewa bila malipo mkiachana. Nimekuta hospitali zinazolipishwa kusoma mafaili yao wenyewe.